Bi Saa Ngapi

Kijiwe chetu cha Nguvumali kimeegemea ukuta uliobaki wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mtaani tuliiita Ndani. Imefungwa zamani, wodi zimekuwa maghala, lakini kila asubuhi kahawa ikimiminwa tunaifungua upya kwa masimulizi. Hashil tunamwita Mkonge kwa urefu wake. Rafaeli ni Daktari, maana mama yake alipika humo. Mimi Sadalla sina jina la utani, nina kazi ya kuwasikiliza waongo wawili.

— Ndani kulikuwa kuzuri, alisema Mkonge. Alasiri wanatoka, tunacheza nao mpira, wanatufunga.

— Wawafunge wewe na nani? nikamuuliza. Wewe ulikuwa unashika viatu.

— Na Bi Saa Ngapi dirishani, Daktari akadakia. Ukipita, "Saa ngapi, mwanangu?" Ukimjibu, anasema, "Bado."

Wallahi, sauti ile naikumbuka hadi leo. Tulikuwa tunapita makusudi ili atuulize.

— Alikuwa akimngoja mumewe, dereva wa treni, alisema Mkonge.

— Treni gani? alisema Daktari. Yule binti wa tajiri wa Kiarabu. Alikuwa akingoja meli yenye dhahabu ya harusi yake.

— Basi mimi nakwambia alijua saa ya kufa ya kila mtu. Daktari mkuu mwenyewe alimwogopa.

— Mkonge, kunywa kahawa, nikamwambia. Imeanza kukupanda kichwani.

Tulikuwa tunacheka hivyo mama mmoja alipotufikia, kabeba mkoba, viatu vina vumbi la njiani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa.

— Naitwa Nasma, natoka Tongoni. Bibi yangu aliletwa humu mwaka sabini na nne. Nyumbani waliona haya, hawakumfuata. Sasa mama yangu hajiwezi, na ananiuliza mamake kazikwa wapi. Anataka asomewe dua kaburini kwake.

Mkonge akajiweka sawa.

— Waliofia humu wasio na ndugu tuliwazika wenyewe, mtaa mzima. Bi Saa Ngapi nilimbeba mimi.

— Kwa heshima zote, akasema Daktari. Mimi si wa dini yenu, lakini nilikuwepo. Sanda mpya, watu wengi. Mwalimu Sabiri wa madrasa akasoma talakini, yale maneno maiti anayosomewa kaburini.

Nasma akaweka mkoba chini.

— Bibi yangu ni Mwanamkasi binti Mboni. Kwenye talakini maiti huitwa kwa jina lake na la mamake. Huyo mlimwita nani?

— Ikiwa mama hajulikani, alisema Mkonge taratibu, husemwa binti Hawa.

— Hilo la mama. La kwake?

Daktari akamtazama Mkonge. Mkonge akanitazama mimi, kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyesimama karibu na mwalimu. Miaka yote hii tumemsimulia yule bibi, na niliona aibu hata kumwangalia Nasma usoni. Mwalimu Sabiri naye aliniuliza vivyo hivyo, kaburi likiwa wazi, nikamwambia hatujawahi kumuuliza bibi jina lake.