Mpima Ardhi Namba 212 na Wajina Wake Wawili

Ndugu, jamaa na majirani, jina la marehemu mmeliona kwenye ratiba mliyoshika. Sitalitamka kwa sauti, maana nikilitamka wataitika watu wawili wazima walioketi mstari wa pili, na hatuna muda wa mchezo huo. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba, fundi cherehani. Yeye alipima ardhi, mimi napima viuno, na miaka yote tulibishana ni nani kati yetu anayedanganywa zaidi na wateja.

Kaka yetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alikuwa wa tatu kati ya watoto sita wa baba seremala na mama mpishi wa shule. Alikuwa mfupi, tena mbishi, na mama akampa jina la Kigingi, kwa kuwa ukimsimamisha mahali hang'oki.

Alianza shule ya msingi Januari 1957. Alipokuwa darasa la nne aliiba kamba ya mama ya kuanikia nguo, akapima uwanja wa mpira, kisha akamwambia mwalimu mkuu mbele ya wageni kwamba goli la upande wao limesogezwa ndani hatua nne. Akachapwa. Baadaye uwanja ulipimwa upya na goli likahamishwa, lakini viboko havikurudishwa. Aliingia chuo cha upimaji mwaka 1969, akahitimu 1972, na tarehe 2 Aprili 1973 akaandikwa kwenye daftari la wapima ardhi wenye leseni, namba 212. Daftari hilo ni la wazi. Yeyote anayetaka kujua kama mpima ardhi wake ni wa kweli au wa kubahatisha anaruhusiwa kulisoma.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Mlangoni palikuwa na buti zenye udongo, ndani palinuka wino, na meza ya kuchorea ilitegemezwa mguu mmoja kwa kipande cha tofali ambacho shemeji yangu alikitupa mara tatu na kaka akakiokota mara tatu.

Huyo shemeji, kaka alimpata kazini. Mwaka 1978 alikwenda kumpimia mzee mmoja kiwanja, akampenda binti wa mzee, kisha akagundua kuwa jiko la mzee limeingia kwa jirani mita moja na nusu. Mtu mwenye akili angenyamaza. Yeye alichora ramani kama ilivyo. Mzee akafoka, "Huyo hakanyagi tena hapa!" Mama wa binti akamjibu, "Anayesema kweli na huku anataka mke, huyo mimi namtaka." Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979. Jiko lilibomolewa, na mkwewe alimsamehe baada ya mjukuu wa pili.

Sasa nifike mwaka 1988. Ofisi ya leseni ilipata karani mpya wa masijala, akaambiwa apange makabati. Akakuta majalada matatu yenye jina moja. Yeye akaona ni uzembe wa waliomtangulia, akayafunga yote matatu pamoja kwa kamba moja, akaandika juu yake namba 212. Kuanzia siku hiyo, kwa karatasi, kaka yangu alizaliwa mara tatu na mama watatu, alikuwa mwalimu wa chuo, na leseni yake ilisimamishwa. Barua ilimfikia Jumatatu, tarehe 6 Juni: arudishe mhuri ndani ya siku thelathini. Bila mhuri, ramani zake zote zilikuwa karatasi za kufungia maandazi. Familia arobaini na mbili zilikuwa zinasubiri viwanja alivyokwisha kuvipima, na shemeji alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Nilimwona kaka akiogopa kwa mara ya kwanza.

Alikwenda ofisini, akaukabidhi mhuri. Karani akamwambia, "Si kazi ngumu mzee. Andika hapa kwamba aliyeharibu ni yule mwingine, na wewe humtambui."

Kaka akasema, "Simtambui, ndiyo. Na kama simtambui, nitajuaje kwamba ameharibu?"

Nilimgombeza sana kwa hilo. Nilimwambia, "Andika uokoe watoto wako, wa mtu mwingine wana baba yao!" Yeye alichukua anwani ya yule mwingine kwenye daftari, akapanda basi, akasafiri siku mbili. Alipobisha hodi mama mwenye nyumba akauliza, "Nani?" Kaka akataja jina lake. Yule mama akacheka, "Nenda zako na utani wako, huyo yuko ndani anakula."

Ndivyo alivyokutana na yule tuliyekuja kumwita Mrefu. Mrefu alidhani amefuatwa kwa ugomvi, akatoka na kijiko mkononi. Wakakaa kibarazani hadi chai ikapoa. Kumbe mwaka 1985 alichelewesha ramani moja kwa sababu mwanawe alikuwa amelazwa, akasimamishwa miezi sita. Adhabu aliimaliza, barua ya kumrudisha alikuwa nayo, ila hakuna aliyekumbuka kuandika mstari wa pili daftarini. Kwa miaka miwili watu walisoma daftari, wakaona neno "amesimamishwa", wakampita.

Kaka akamwambia, "Somo, vaa viatu. Twende wote."

Njiani wakampitia wa tatu, mwalimu wa chuo cha upimaji, naye mwenye leseni, mtu mpole ambaye hakujua hata kama amefungwa kamba moja pamoja na wenzake. Tarehe 30 Juni wakaketi kwenye benchi la masijala. Karani akaita jina. Wakasimama watatu.

"Mmoja mmoja jamani!"

"Sawa, mwite huyo mmoja," akasema kaka.

Akaita tena. Wakasimama tena watatu. Karani akaona anadhihakiwa, akapaza sauti, na mkuu wa ofisi akatoka chumbani kwake. Mkuu alipoelewa alicheka hadi akaegemea kabati. Majalada yakafunguliwa sakafuni, kila mtu akachambua vyeti vyake hadi saa tisa alasiri. Mkuu akamrudishia kaka mhuri wake.

Kaka hakuupokea. Alisema, "Kwanza andikeni kwa huyu kwamba adhabu imekwisha." Akaambiwa hilo litaangaliwa mwezi ujao. Akasema basi na mhuri utaangaliwa mwezi ujao. Mwalimu ndiye aliyenisimulia, kwa kuwa kaka hakupenda kulisema. Mstari ukaandikwa dakika ileile, na Mrefu akalia mbele ya karani bila haya. Familia zile arobaini na mbili zikapata viwanja. Mimi nikaenda kumwomba kaka radhi, naye akanituma nimletee maji ya kunywa, akiwa na maana kwamba yaliyopita yamekwisha.

Tangu hapo walikwenda pamoja kila Januari kuhuisha leseni, na makarani wakawa wanaandaa viti vitatu.

Kaka alistaafu mwaka 2009. Alipata kiharusi Novemba 2022, mkono wa kulia ukalegea, akajifunza kuchora kwa wa kushoto na kudai mistari imenyooka zaidi. Haikunyooka. Aliondoka asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, wodi namba tatu, mkewe akiwa amemshika mkono. Nilimpenda kaka huyu kuliko nilivyowahi kumwambia. Tangazo lilipotoka redioni Mrefu alipigiwa simu ishirini za rambirambi. Mtu mmoja, alipomsikia akisema "haloo", alitupa simu.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, wadogo wawili, na wajina wawili ambao daftari linasema ni wazima.

Leo asubuhi afisa wa masijala alikuja nyumbani na jalada la namba 212, ili safari hii lifungwe la mtu anayehusika. Fomu inataka shahidi ambaye ni mpima ardhi mwenye leseni hai. Mrefu akaomba kalamu. Afisa akasoma jina la marehemu, akasoma jina la shahidi, akataka kusema kuna kosa, kisha akamtazama Mrefu aliyekuwa bado ameshika kalamu, na akagonga mhuri. Kama kaka angeandika yale maneno aliyoambiwa aandike, na ambayo mimi nilimsihi aandike, leo mtu huyo asingekuwa na leseni ya kumsainia.

Mungu amlaze pema kaka yetu.