Onyo la Neno Chizi
Kijana aliyekaa mbele yangu ndani ya basi alikuwa mhariri wa kamusi, akipeleka kurasa za mwisho kiwandani zikachapwe. Jirani yake, mama fundi cherehani, alichungulia mpaka akalikuta neno chizi.

“Umeanza na maana ya rafiki,” alisema. “Mdogo wangu anaugua akili. Neno hilo wanamtupia pamoja na mawe.”

“Maana hiyo ni ya pili, mama, na nimeiwekea alama ya “tusi”. Lakini vijana wanaitana chizi wangu kutwa nzima, na sisi tunatanguliza maana inayotumika zaidi.”

“Wanaoitwa umewauliza?”

Kijana alikohoa. Muda wote huo alikuwa amempakatia yule mama furushi lake la vitambaa, na wala hakuombwa.

“Nikifuta urafiki nitakuwa mwongo,” alisema.

“Usifute. Onyo likae juu, kabla ya maana zote.”

“Hapo nitamhukumu hata anayemsalimia mwenzake kwa upendo.”

“Basi na asite kidogo kabla hajasalimia. Mdogo wangu anasita kila anapotoka mlangoni.”

“Siahidi, mama.”

“Mimi nami sichoki, mwanangu. Kesho nitapanda basi hilihili.”

Basi liliposimama, mama alishuka; mdogo wake alikuwa kituoni akimsubiri na mwavuli. Kijana alimpitishia huyo mdogo furushi dirishani.

“Ahsante, rafiki yangu,” alisema yule mgonjwa, akalikumbatia kama mtoto.

Kijana alirudi kukaa. Penseli alikuwa nayo mkononi, na ukurasa wa neno chizi ulikuwa wazi mapajani.