Shule Ilipoangukia Ng'ambo ya Korongo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, Mkuu wetu wa Shule Mama Hedwiga, ndugu wageni waalikwa, wazazi mliobeba mawe na mchanga kwa migongo yenu, nanyi wanafunzi wa kwanza wa shule hii: wakubwa wangu shikamooni, na rika langu, habari za mchana.

Kamati ya ujenzi, ambayo mimi Aminiel, mwalimu wa hisabati hapa, ni katibu wake, imenitaka nieleze kwa nini shule ya sekondari ya Akheri imesimama hapa na si kwingine. Nitaeleza, na sitaomba radhi kwa kuleta hisabati penye ngoma na pilau.

Nilipomaliza shahada yangu, wenzangu wengi walikimbilia mabenki mapya na kampuni za utalii pale mjini, maana soko huria lina njaa ya vijana wanaojua kukokotoa. Mmoja wao, Rodrick, alinikaribisha chai Moshono akanicheka. "Profesa wa migomba," aliniita, "huko mlimani utamkokotolea nani? Kahawa yenyewe wanaing'oa wapande nyanya." Nikamwuliza: nchi iliyokabidhi soko bei ya kahawa, je, ilikabidhi na miguu ya mtoto, soko ndilo limpangie atembee mpaka wapi? Alilipia chai akaondoka.

Hayo ndiyo tuliyoyakokotoa, ndugu zangu: miguu ya watoto. Mlimani ramani hudanganya, kwa sababu vitongoji viwili vinavyoonekana pua na mdomo hutenganishwa na korongo. Kwa hiyo hatukupima kwa rula. Tuliwaomba watoto wenyewe watembee, kiangazi na masika, tukaandika mwendo wao. Kisha kila kitongoji tukakipa uzito kwa wingi wa watoto wake wa darasa la saba. Ofisi ya mradi mmoja mjini ikatuazima kompyuta yake, nayo ikatafuta mahali ambapo, ukijumlisha mwendo wa watoto wote wa kata, jumla inakuwa ndogo kuliko popote pengine. Mahali hapo ndipo mlipokaa sasa.

Lakini mnakumbuka mkutano ule kanisani. Mzee Fanuel alisimama akavua kofia. "Kihamba changu cha chini, shamba nililorithi, nakitoa," alisema. "Baba yangu amelala pale, ila watoto wakisoma juu yake hatakasirika." Kuna waliolia. Mzee Fanuel, kwa wageni wasiojua, ni baba yangu mzazi. Nami nikasimama baada yake, nikabandika ramani ukutani, nikaonyesha ng'ambo ya korongo.

"Aminiel, hiyo mashine yako imewahi kulima?" aliniuliza.

"Haijawahi, baba. Lakini imetembea kuliko sisi sote."

Mlicheka. Mlicheka mpaka Mzee Sumari akaangusha fimbo yake. Baba hakucheka, alivaa kofia, akakaa, na kura zilipopigwa ng'ambo ikashinda.

Tangu siku hiyo shikamoo yangu kwake haipokelewi. Wazee wangu mmenishauri, kwa upendo, nimpelekee jani la isale, kama desturi yetu inavyomtaka mwana aliyemkosea baba. Nawauliza hadharani nilichowauliza faraghani: isale huombea kosa msamaha, na je, kosa liko wapi katika jumla iliyo sahihi? Nami nimebaki na ushindi wangu katika nyumba ya mwalimu hapo nyuma, nasonga ugali wa mtu mmoja, na jioni nautazama moshi wa jiko la mama yangu ukipanda ng'ambo ya pili. Nimesoma vitabu vya watu wa nchi nyingi. Sijakiona kinachofundisha namna ya kula peke yako huku unaitazama nyumba yenu.

Hata hivyo hesabu, kama shahidi, inastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Jumla ikiwa ndogo, haimaanishi kila mtoto amepata njia fupi. Wengi wanapopunguziwa, yuko anayeongezewa. Mwanafunzi mwenye njia ndefu kuliko wote shuleni hapa ni Ndeshi wa Kidato cha Kwanza, mdogo wangu, tumbo moja. Kama tungejenga kwenye kihamba cha baba, Ndeshi angekuwa anafika darasani kabla uji haujapoa. Niliusoma mstari wake katika hesabu zetu kabla ya kubandika ramani ile, na leo ningeibandika tena. Baba naye alijua. Hakulitaja jina lake mkutanoni, kwa sababu si mtu wa kuzuia shule ya watoto wa wenzake kwa ajili ya binti yake.

Juma lililopita, mvua zilipochachamaa, nilimwuliza Ndeshi nani anamshusha korongoni asubuhi.

"Baba," alisema. "Ananishika mkono mpaka darajani, halafu anasimama. Anasema huko ni kwa kaka yako."

"Hasemi kingine?"

"Anauliza kama unakula."

Ndugu wageni waalikwa, sina jani mkononi, na hesabu yangu sijaifuta. Lakini toka darajani mpaka lango la shule kuna mpando wa utelezi ambao mtoto yule huupanda peke yake, na katika mipango yetu yote, ya kamati na ya mashine, hatukumpa mtu kazi ya kumshika mkono hapo. Kuanzia kesho ni kazi yangu. Nitakuwa darajani kabla hawajafika, ili baba anapouachia mkono wa Ndeshi awe anamkabidhi mtu, na akitaka kujua kama ninakula, aniangalie mwenyewe.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mkasi uko mezani na utepe unakungoja. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu mchana huu, asanteni sana.