Milango Arobaini Inayogonga Choo

Katika kiti cha mbele yangu kwenye basi la asubuhi walikaa watu wawili wasiojuana: dada mmoja mchoraji wa ramani za majengo, kompyuta mapajani, na fundi seremala aliyepakata mfuko wenye randa.

"Zamani ningechora kila mlango peke yake," dada alimweleza. "Siku hizi nachora mmoja, nanakili mara arobaini, na yote inabaki imeunganishwa. Wiki iliyopita tuligundua milango ya bafuni inafungukia ndani na kugonga choo. Nikageuza mmoja tu, mingine ikajigeuza. Sekunde tatu."

Fundi alimgeukia. "Ni lile ghorofa jipya karibu na matangi ya maji?"

"Hilohilo. Unalijua?"

"Ndiko ninakokwenda. Nimegeuza kumi na saba. Leo siku ya sita."

Nilijifanya natazama nje.

"Pole, fundi. Lakini kosa tulishalirekebisha."

"Kwenye kompyuta."

"Kazi yangu ndiyo hiyo."

"Sawa. Mimi niligeuza wa kwanza, dada yangu, nikausubiri wa pili. Haukujigeuza."

Basi liliposimama, fundi alishuka. Dada, aliyekuwa amemwambia kondakta anakwenda hadi mwisho, alishuka nyuma yake, bado anaeleza.