Dulcie Trewartha na Kuku Wanne wa Fitoni

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika banda la kuku la maabara yetu hapa Glen Innes, Bi. Dulcie Trewartha anastaafu tarehe 30 Juni 2004. Aliajiriwa Februari 1971 kufagia kwa wiki sita. Hizo wiki sita hazijaisha mpaka leo.

Wageni wakiuliza kwa nini dawa za chawa wa kondoo tunazipima kwa kuku, Dulcie huwajibu ndoo ikiwa mkononi: "Panya haonyeshi kitu. Kuku hafichi." Baadhi ya dawa za jamii ya organofosfeti humtetemesha mnyama siku moja, akapona, watu wakafurahi. Kumbe neva ndefu za miguu zimeshadhurika, na wiki mbili tatu baadaye zinakufa kuanzia nchani. Kwa hiyo kila asubuhi tulihesabu kuku waliolala sakafuni, maana aliyeshindwa kurukia ufito wa kulalia ndiye aliyekuwa dalili yetu ya kwanza.

Kanuni ilikataza kuwapa kuku majina. Dulcie aliwaita kwa majina ya shangazi zake, na mpaka leo namjua shangazi aliyekuwa na kisirani.

Katika baridi ya 1983 tulipima dawa mpya ya kuogeshea kondoo. Siku ya ishirini na moja ikafika, na hakuna kuku aliyewahi kulala chini. Mkuu wetu, Dkt. Kevin Maslen, alishika kalamu kutia saini ripoti ya kuipitisha, palepale kwenye meza ya chai ya asubuhi. Dulcie akaweka kikombe chini.

"Kevin, usitie saini. Wanne nimekuwa nikiwapandisha fitoni mimi."

"Unawapandisha vipi?"

"Kwa mikono, jioni kabla sijaondoka. Walikuwa wanahangaika, maskini. Nilidhani ni baridi tu."

Mwaka ule mumewe hakuwa na kazi, na kuvuruga jaribio lilikuwa kosa la kufukuzwa. Angenyamaza, nani angejua? Kevin alifoka mpaka akakaukiwa sauti, kisha akaichana ripoti. Jioni ile hakuna aliyewagusa kuku. Asubuhi wanne walikuwa sakafuni, miguu imelegea, na hadubini ikaonyesha neva zilivyooza. Dawa ile haikuuzwa kamwe.

"Kazi unayo," Kevin alimwambia. "Ila mikono mfukoni, umenisikia?"

Nazikumbuka asubuhi zile, barafu kwenye nyasi na Dulcie akiwasalimia shangazi zake mmoja mmoja. Nitazitamani sana, sioni haya kusema.

Dulcie, asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mpaka jua liwe juu, na wajukuu wasiochoka kukutembelea. Kutoka hapa hadi Walcha kuna wafugaji ambao kondoo wao wanatembea, na hawatajua kamwe ulichohatarisha asubuhi ile. Sisi tulikuwa mezani. Tunajua.