Kiwele Nilichokataa Kukishika

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi cha wafugaji, habari za asubuhi. Mwenyekiti kaniomba nisimame. Nimesimama, lakini naona aibu, maana niliyemkosea amekaa pale mstari wa pili, kati ya akina mama.

Mnakumbuka serikali ilipoachia biashara huru, wachuuzi wakawa wanavuka kwa kivuko hadi huku kwetu Kamanga kutafuta wanakondoo wa kuchoma mjini. Tamaa ikanishika. Niliwakusanya wa kwangu wote asubuhi moja, wangali wananyonya, nikawauza. Mama zao walilia zizini siku tatu, viwele vimejaa hadi wanatembea wametanua miguu, kisha wanalala kwenye matope na mavi niliyokuwa siyazoi.

Mke wangu akaniambia, "Baba, huyu mweusi kiwele kina moto. Njoo ushike."

Nikamjibu, "Mwanaume mzima nipige magoti nyuma ya kondoo? Watu watasemaje?"

Ndugu zangu, nawaambia, kondoo hapa kwetu hatumkamui, basi nani humchungulia huko chini? Msinitazame hivyo, wengi wenu mlikuwa kama mimi.

Uzao uliofuata, mama hawakuwa na maziwa, watoto wakafa njaa. Nikasema majike hao wana kisirani. Kila aliyepoteza mtoto nilimchinja, na wengine walikuwa wamezaa mara mbili tu.

Akabaki yule mweusi, naye alikuwa amepoteza mtoto. Alikuwa wa mke wangu, zawadi aliyopewa na marehemu mama yake alipomzaa kitinda mimba wetu. Nilisubiri mke wangu aende msibani Nyegezi, nikamchinja kondoo huyo.

Aliyenisaidia kuchuna ni jirani, aliyekuwa bwana mifugo wa serikali kabla hajapunguzwa kazini. Alipasua kiwele: upande mmoja mgumu kama kisigino, usaha ukamwagika.

"Huyu alikuwa mgonjwa tu," akasema. "Dawa ipo. Nyumbani kwako hakuna aliyeona?"

Nikaendelea kuchuna.

Mke wangu aliporudi aliikuta ngozi imewambwa ukutani. Alipika ile nyama, akaniandalia, yeye akala ugali na chumvi. Na mimi nilikula, ndugu zangu. Sahani ile naionea aibu mpaka leo.

Kesho yake nilimfuata bwana mifugo, naye akanipigisha magoti. Sasa kila jike namshika kiwele kwa mikono miwili kabla ya kupandwa na baada ya kuwaachisha watoto kunyonya. Watoto wasiondolewe mpaka wale majani vizuri, na siku hizo mama wapewe majani makavu ili maziwa yapungue. Zizi liwe kavu. Kiwele kikiwa na moto, dawa siku hiyohiyo. Leo ninao waliozaa mara nne, na watoto wao wanashiba.

Bwana mifugo, asante, hukunicheka. Mke wangu, asante kwa kuniambia, na nisamehe kwa kutosikia. Ndugu zangu, nilimpa mke wangu jike mwingine, mweusi vilevile. Alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaniomba kisu cha kuchinjia. Tangu siku hiyo anakiweka yeye, na mimi sijamwuliza anakiweka wapi.