Biskuti ya Jorrit

Kwenye basi la Leiden, Wietske alikuwa amempakata Jorrit, mwanawe wa miezi tisa, ambaye mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia ilivutika alipozaliwa. "Leo daktari atampa biskuti. Akiifikisha mdomoni kwa mkono huu wa kulia bila kuinamisha shingo, hapasuliwi," alimwambia bibi aliyeketi kando yake.

"Sasa daktari wa nini!" Bibi akachomoa biskuti mkobani. Mimi, abiria wa kiti cha mbele yao, niligeuka nikamshika mtoto ule mkono mzima wa kushoto, asitudanganye. Jorrit akala, basi zima likashangilia.

"Mkono umepanda!" bibi akapiga kelele.

"Bibi wee, shingo ndiyo imeshuka!" Wietske alicheka huku machozi yakimtoka.

"Macho yako mabovu, mwanangu. Dereva, umeona nini?"

"Mkono!" alijibu dereva, ambaye alipaswa kutazama barabara.

Tulisimama mbele ya hospitali, milango ikafunguka. Wietske hakushuka. "Lete nyingine, bibi. Safari hii namshika kichwa."